Zamu ya Wilfred

Jumamosi ile ilianza kama nyingine. Bi Muriel, jirani yangu, alinipitia twende kupanga maua kanisani. Akaonja chai yangu, akakunja uso.

"Doreen, hii si chai. Umesuuza kikombe tu."

"Basi kesho uje na majani yako."

Tulicheka. Sote wajane, tusipotaniana sisi, nani atatutania?

Baada ya maua alikwenda kwa mumewe, kama kawaida yake, nami nikamfuata. Wilfred alilazwa katika kaburi la kale la ukoo wao, la mawe, lililojengwa kama sanduku kando ya ukuta wa kanisa. Alikuwa wa mwisho kuzikwa pale. Makaburi yalijaa, yakafungwa. Na kijijini kwetu kila mtu anajua: maiti wa mwisho ndiye mlinzi wa makaburi. Hapumziki mpaka mwingine azikwe, ampokee zamu.

Wahenga husema kataa neno, usikatae wito. Wito wa pale ndio wa kukataa. Aliye hai akiitika, zamu inakuwa yake.

Ukungu ulishuka. Muriel aliweka kiganja juu ya jiwe. Ndipo niliposikia sauti ya Wilfred. Chini. Ndani.

"Muriel."

Nilimshika mkono. "Usiitike," nikanong'ona.

"Amechoka, Doreen. Sikia anavyohema."

"Nakuomba."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mwenye msiba ni mimi.

"Nipo, Wilfred," akasema. "Nenda kalale."

Ndani ya jiwe mtu alishusha pumzi. Kisha kimya.

Muriel alifariki jioni hiyo hiyo, kitini kwake. Maiti ilichomwa mjini, mpwa wake akamwaga majivu baharini. Hakuna kilichorudi kijijini.

Jumamosi iliyofuata nilipanga maua peke yangu. Upweke uliniuma, nikamimina chai kikombeni, nikaiacha juu ya kaburi. Nilipogeuka, jiwe lilinong'ona.

"Doreen. Bado nyepesi."

Nilikimbia.

Asubuhi nilikikuta kikombe mlangoni kwangu. Kitupu. Ukingoni pana rangi nyekundu ya midomo, ile aliyopenda Muriel. Nimekisugua mpaka vidole vimechubuka, haitoki.

Siku hizi kila nikipita pale ananiita. Nabana midomo, naongeza mwendo. Lakini kijiji kizima, hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita kwa jina langu.