Mwenzetu Yupo?

Mkasi alitoka nje kuanua nguo tu. Jua lilikuwa linazama, kamba imejaa mashuka, na kichwani mwake mna filamu nzima ya mauaji inayomsubiri ndani. Kazi yake ilikuwa kukata na kuunganisha picha, ndiyo maana wakambandika jina hilo, na likamganda.

Akazitupa nguo kitandani, akavaa hedifoni, akakaa mbele ya kompyuta.

Filamu yenyewe, jamani, ilikuwa ya kuungaunga. Wauaji watatu wanajirekodi wakiua watu ndani ya nyumba iliyohamwa, halafu mkanda unaokotwa. Wawili wanaonekana. Wa tatu ndiye mshika kamera, haonekani hata kidole. Mwigizaji wake hakuwepo; kamera aliishika mwongozaji mwenyewe. Ila jina walimpa, wakamwita Mwenzetu. Na aliyekuwa akiuawa kila siku ni Toto, mdogo wake Mkasi, kitinda mimba wa kwao, msichana wa miaka ishirini na miwili anayecheka mpaka akiwa kajilaza kama maiti.

Walikuwa na mtindo wao. Kamera ikishawashwa, kabla ya kuanza kuigiza, mwongozaji aliita majina, na hakuna aliyejiitikia mwenyewe; wenzako ndio walikuitikia.

"Toto yupo?"

"Yupo!"

Mwisho kabisa, kwa utani: "Mwenzetu yupo?"

"Yupooo!" wote kwa pamoja, na vicheko juu. Siku kumi na mbili mfululizo.

Jioni hii Toto na mwongozaji walikuwa wamerudi kwenye nyumba ile, wawili tu, kurudia kilio cha mwisho. Mkasi ndiye aliyewatuma. "Kilio chako hakina chumvi," alimwambia mdogo wake asubuhi. "Rudi ukalie vizuri."

Sasa akafungua picha za siku ya tisa. Wauaji wawili wanamburuta Toto sakafuni. Sawa. Kamera inawafuata polepole, inageuka kidogo kuelekea mlangoni...

Mlangoni kasimama mwongozaji. Anakula mkate. Mikono yake yote miwili inaonekana.

Mkasi akasimamisha picha. Akahesabu. Muuaji, muuaji, Toto, mwongozaji. Watu wanne tu ndio walioingia nyumba ile, na wote wako ndani ya picha.

Nani alishika kamera?

Ingekuwa imewekwa juu ya meza angepumua. Lakini ilikuwa inatembea. Akarudisha nyuma mpaka pale majina yanapoitwa, akaongeza sauti.

"Mwenzetu yupo?"

Kabla wengine hawajaitikia, chini kabisa, karibu na maikrofoni, mtu alinong'ona:

"Nipo."

Akaikwapua simu. Ikaita... ikaita... Mungu wangu, pokea! Ikaita...

"Dada!" Toto huyo, mchangamfu. "Ndo tunataka kuanza. Huku kunanuka nywele zilizoungua, we acha tu. Bosi anasema ni waya."

"Weka spika. Upesi."

Akawaeleza. Mwongozaji akacheka. "Mkasi, umekodolea damu ya rangi mpaka umechanganyikiwa."

"Bosi, nakuomba. Huyo ni mdogo wangu, sina mwingine." Sauti ilimkatika, hakujali. "Mlimwita wenyewe. Mkamwitikia wenyewe. Sasa ita majina, na ukifika kwake, semeni hayupo."

Mwongozaji akakohoa. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Toto yupo? Eeh, yupo," alijijibu. Kisha, taratibu: "Mwenzetu yupo?"

Mkasi alisikia pumzi. Za watu wawili. Halafu za mtu wa tatu.

"Hayupo," Toto alinong'ona.

Mlango ukajibamiza huko, kishindo kikapasua spika. Toto akapiga ukelele, na safari hii kilio kilikuwa na chumvi.

"Toto! Toto!"

"Nipo, Dada. Nipo..." Akahema. "Ah! Harufu imekata. Haki ya Mungu, imekata kabisa."

Mkasi akalia na kucheka kwa pamoja. Mdogo wake mzima. Hilo tu ndilo alilotaka. Filamu na ichomwe moto.

"Tokeni humo sasa hivi."

"Bosi kashatangulia na mataa. Nakunja waya huu tu nami natoka." Toto alikuwa amesharudiwa na uchangamfu wake. "Dada, ulivyotutisha! Ukija nakufinya."

Mkasi akajifuta machozi kwa pembe ya shuka. Ndipo akasikia, ndani ya simu, sauti ya mwongozaji ikiita majina tena. Ya chini. Ya karibu mno.

"Mkasi yupo?"

"Tot..."

Lakini Toto alikuwa ameitikia hivyo siku kumi na mbili, na mdomo ukamtangulia. Akacheka.

"Yupooo!"

Kwa mbali, kutoka nje ya nyumba ile, mwongozaji akapaza sauti: "We Toto! Unaongea na nani humo? Twende, gari linaunguruma!"

Simu ikakatika.

Chumba cha Mkasi kilikuwa kimeingia giza. Mashuka aliyoyaanua yeye mwenyewe yakaanza kunuka nywele zilizoungua. Na juu ya kioo cha kompyuta, taa ndogo ya kamera, ambayo hakuwahi kuitumia, ikawaka.