Anayejibu Wateja

Siku duka lilipounganishwa na mtandao, kabla mteja wa kwanza hajapatikana, simu iliyokuwa juu ya kabati ilimshukuru mtu.

"Merci, muteja yetu. Fromage yenu iko njiani."

Ilikuwa sauti ya msichana, changamfu, yenye kicheko kidogo mwishoni. Mukamugema, aliyekuwa akifuta jibini kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, aliinua kichwa akamtazama mumewe. Ndagijimana akacheka, akasema ni mashine inajijaribu, maana mashine mpya nayo ni kama ndama, lazima irukeruke. Mkewe hakucheka. Sauti ile ilikuwa ya binti yao Umuhoza, na Umuhoza hakuwa ameonekana tangu mlima ulipopasuka.

Mwaka ule mlima Nyiragongo ulipotapika moto, siku chache baadaye wakubwa waliamuru watu wahame, na nusu ya mji ikaingia barabara ya Sake kwa miguu, magodoro kichwani, mvua ikiwapiga. Karibu na Mugunga lori liliupasua umati katikati. Watu wakasogea huku na huku, na umati ulipojifunga tena, Umuhoza hakuwa upande wa wazazi wake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wao wa pekee. Walimtafuta Sake, wakamtafuta Minova, wakachungulia kila shule na kila kanisa lililolaza wakimbizi, kisha wakarudi kwao Murara, wawili, na viatu vimekwisha.

Kwa hiyo hawakumfanyia matanga. Utamlilia vipi mtu ambaye hujamzika? Huko Masisi walikotoka, kumlilia aliye hai ni kumchimbia kaburi kwa mdomo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini katika nyumba ya Ndagijimana la Umuhoza lilikuwepo kila siku: sahani yake, viazi vyake, kiti chake ambacho mgeni hakukikalia. Jirani akiuliza, baba alijibu, "Eko njiani." Hata wao wawili walivyoitana, Papa Umuhoza, Mama Umuhoza, ilikuwa ni kumwita yeye kutwa nzima, na inachosha moyo kumwita mtu asiyeitika.

Duka lenyewe lilikuwa kazi ya mikono yake. Yeye ndiye aliyeona kwamba jibini za Masisi zinaweza kuuzwa mtandaoni, akazipiga picha, akarekodi sauti ya kuwashukuru wateja. Alipopotea, duka likalala. Baadaye vita vikapanda vilima vya Masisi, jibini zikawa haba, wanunuzi wa mtaa wa Birere wakaanza kuogopa kutoka nyumbani, na Ndagijimana akaamua kuliamsha duka la binti yake. Alimwendea Élodie, dada mmoja wa kutoka Bukavu mwenye ofisi ndogo pale Himbi. Kazi ya Élodie ilikuwa kuliunganisha duka la mtandaoni na kila kinacholilisha: malipo ya simu yaingie yenyewe, hesabu ya jibini zilizomo frigo, yaani friji, ijipunguze yenyewe, oda iruke moja kwa moja hadi kwenye simu ya motari, mpelekaji mizigo wa pikipiki, na mteja ajibiwe bila mtu kugusa kitu.

Yote yalikwenda vizuri mpaka mashine ilipotaka jina na namba ya mtu anayejibu wateja. Ndagijimana akatoa jina la Umuhoza. Akatoa na namba yake ya zamani, ambayo alikuwa ameirudisha kwenye simu nyingine, ile ya juu ya kabati, ili siku binti akikumbuka kupiga, apokelewe. Élodie akaacha kuandika.

"Papa, huyu mutu eko?"

"Eko njiani. Andika tu."

Élodie alilelewa na watu wenye adabu, na mwenye adabu habishani na muzee juu ya mtoto wake. Akaandika. Laiti angebishana.

Oda ya kwanza ilitoka Mubambiro, kabla kidogo ya kufika Sake, na malipo yalikuwa yamekwisha kupita. Janvier, motari wao, alipofika mahali palipoandikwa hakukuta nyumba wala kibanda, ila majani na mawe meusi. Akapiga namba ya mteja. Msichana akamwambia kwa upole aiweke jibini juu ya jiwe. Janvier akaiweka, akageuza pikipiki, na alipotazama nyuma aliona karatasi ya kufungia imekunjwa vizuri juu ya jiwe, tupu, na barabara nzima haina mtu wala mbwa. Alirudi Murara akakaa kwenye ncha ya kiti, akasimulia kwa sauti ya chini, na mwisho akaonyesha jina la mteja kwenye simu yake. Umuhoza.

Mengine yote Ndagijimana hakuyasikia. Alisikia jina tu. Alipiga magoti palepale sakafuni akamshukuru Mungu huku akilia, na nani wa kumcheka? Mfa maji haachi kutapatapa.

Oda ya pili ilitoka Mugunga. Iliyofuata ikatoka Ndosho, karibu zaidi na nyumbani. Ndagijimana alifuata majina hayo kwa kidole juu ya meza, akamwonyesha mkewe kwamba mtoto anarudi kwa barabara ileile aliyopotelea, pole pole, labda ni mgonjwa, labda ana aibu. Akanunua shuka mpya. Lakini kadiri oda zilivyosogea, ndivyo nyumba ilivyobadilika. Ikaingia harufu ya maziwa yaliyochacha, na chini yake harufu nyingine, ile ya mawe ya volkano yanaponyeshewa yakiwa bado na moto ndani. Jibini zilizomo frigo zikawa nyepesi, na Mukamugema alipokata moja alikuta ganda zima na ndani hamna kitu. Janvier naye alisema haendi tena. Alisema anasikia mtu anapumua ndani ya simu kabla simu haijaita.

"Kama eko muzima," Mukamugema alimwuliza mumewe, "juu ya nini hapandi pikipiki ya Janvier akuye?"

Ndagijimana akatoka kwenda kuosha kiti cha Umuhoza.

Jioni hiyo Mukamugema aliishusha simu kutoka kabatini, akaishika kwa mikono miwili, akajitambulisha kwa kunong'ona, "Umuhoza, njo mama yako." Hakuwa amebonyeza kitu. Simu ikapumua.

"Mama. Niko na njala. Mulete fromage ingine."

Mama yeyote angelia kwa furaha. Mukamugema hakulia. Akairudisha simu taratibu, akaenda uani alikokuwa mumewe, akakaa karibu naye.

"Papa Umuhoza, mutoto yetu hakukula fromage hata siku moja."

Ilikuwa kweli, na furaha ilikuwa imemsahaulisha baba. Tangu utotoni Umuhoza alikimbia harufu yake, na duka lake lote aliliendesha huku ameziba pua, akicheka. Ndagijimana alikamua kitambaa, akaanza kufuta kiti upya.

"Pengine njala ilimufundisha," alisema.

Hapo Mukamugema ndipo alipovunjika moyo kwelikweli, kwa kuona mume wake yuko tayari binti yao awe na njaa ya kiasi hicho, mradi awe hai. Kesho yake, bila kumwuliza, alikwenda kwa Mama Pascasie, mjane mwenye chumba cha maombi mtaa uleule, aliyejulikana kwa kutoa mapepo katika nyumba za watu. Mama Pascasie hakuja na kelele wala maji mengi. Alisimama mbele ya kabati, akanusa kama anavyonusa mtu chungu kilichoungua, akatazama sahani ya Umuhoza mezani, halafu akataka kujua hiyo mashine inafanya nini. Akaelezwa. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ile kitu si mutoto wenu. Ilikuta jina haina mwenyewe, ikaingia. Mulikatala kumulilia, kisha mukamupatia kazi."

"Tutafanya aje?" Mukamugema aliuliza.

"Mutamulilia leo. Kufungua mashine, ule dada wa Himbi atafungua. Lakini baba asiposema na kinywa yake kwamba mutoto alikufa, itabakia njiani, na itafika."

Ndagijimana alikataa. Akakataa tena. Mkewe hakumgombeza, alianza tu kutoa viti nje na kutandika mikeka, na majirani, ambao walikuwa wakisubiri kilio hiki kwa miaka, wakaingia mmoja mmoja na kukaa chini bila kuuliza. Élodie aliletwa kutoka Himbi, akakaa kwenye kona na kompyuta mapajani, akaanza kufungua alichofunga: kwanza malipo, halafu hesabu ya frigo, halafu simu ya Janvier. Kila kamba ilipokatika, harufu ya maziwa machachu ilizidi. Alipofika kwenye jina la anayejibu wateja, mashine ikagoma, na simu kabatini ikatangaza oda mpya. Élodie akaisoma, akaifunika midomo yake kwa mkono. Mahali pa kupeleka palikuwa nyumba ile ile waliyokaa.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mawingu ya mlima, na wanawake waliokuwa wakiimba wimbo wa kilio waliacha katikati ya neno kwa sababu geti lilikuwa limeguswa, si kupigwa, limeguswa tu, kama anavyoligusa mtu aliyechoka akitafuta komeo gizani, na harufu ya mawe ya moto ikapita chini ya geti, ikapita juu ya mikeka na magoti ya watu, na watoto wakaficha nyuso kwenye nguo za mama zao, na kutoka nje ikaja sauti ambayo kila mtu mtaani aliijua, ikisema, "Papa, nimefika, miguu inaniuma, unifungulie," na Ndagijimana akasimama, akaenda, na hakuna aliyethubutu kumshika, hata Mama Pascasie, ambaye alikuwa amefumba macho na midomo yake ikienda bila sauti, akaenda mpaka getini, akaweka mkono juu ya komeo, na komeo lilikuwa la moto, na nje sauti ikaanza kulia kama Umuhoza alivyolia alipokuwa mdogo akiumwa sikio usiku, na baba akaegemeza paji la uso wake kwenye bati.

"Umuhoza alikufa," alisema. "Alikufa kwa njia ya Sake. Sikumushika mukono. Mutoto yangu alikufa."

Kilio cha nje kikakatika. Katika kona, Élodie alisema kwa sauti ndogo kwamba jina limefutika. Kisha Mukamugema akapiga yowe, na yowe lile lilikuwa la kibinadamu kabisa, na mtaa mzima ukalia naye mpaka asubuhi.

Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Élodie alitoa kadi katika simu, akaikata vipande, simu tupu ikabaki juu ya kabati. Ndagijimana alinyoa nywele, akalala siku nyingi, na alipoamka alikuwa mtu mwingine. Alikula, alisalimu watu, aliweza kulitaja jina la binti yake pamoja na neno marehemu. Watu walimpongeza Mukamugema kwa ujasiri wake. Yeye aliitikia, akatabasamu, akaondoa sahani ya tatu mezani. Hakumwambia mtu kwamba kila siku, akifuta jibini, anasikiliza kabati. Mumewe alikuwa amezika. Yeye alikuwa amemsaidia kuzika, na mikono yake ilibaki mitupu. Katika miaka yote ile ya kusubiri, saa alizokuwa karibu na mwanawe kuliko zote zilikuwa zile za kuisikia sauti ya shetani, na hilo huwezi kulisema kanisani.

Kisha vita vikaingia mjini. Wiki ile ya Januari umeme ulikatika, mtandao ukakatika, maji yakakatika, na watu wakalala kwenye korido za nyumba zao wakihesabiana pumzi. Mabomu yalipotulia mchana mmoja, Ndagijimana alisinzia ukutani. Mukamugema aliketi karibu naye, akaisikia harufu kabla ya kusikia kitu kingine chochote. Maziwa machachu. Mawe ya moto.

Juu ya kabati simu isiyo na kadi wala chaji ikapumua.

"Mama," ilisema. "Njo mimi, Umuhoza."

Alimtazama mumewe, usingizi wake wa kwanza mwema baada ya siku nyingi, akaona hana haki ya kuuharibu. Akainuka kwa mikono na magoti, akapita kwenye vioo vilivyovunjika, akafika getini. Nje hapakuwa na mlio wowote, hata wa ndege. Komeo lilikuwa la moto, na alilishika hivyohivyo.

"Hapana, wewe hauko mutoto yangu," alisema Mukamugema kwa upole, akalivuta komeo. "Lakini ingia. Sema tena."