Kofia Nyeupe ya Nidhal

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi Mbarka aliamka mapema kuwavisha wadogo zake mapacha kofia za sufi: Ghaith ya buluu, Nidhal nyeupe. Mama alikuwa ameshatoka na wenzake kwenda kuchuma zeituni. Jikoni, Bibi Zaara alilowesha mkate katika maji moto na mafuta, chakula cha watoto. Kazi ya Mbarka, mwenye miaka kumi na miwili, ilikuwa kuwapeleka mapacha kwenye ua wa shule wakapimwe uzito.

Daktari Wided na wauguzi wake kutoka mjini walikuwa wakiwafuatilia watoto walewale hamsini kwa miaka miwili, waone wanavyokua. Kila mtoto alikuwa na kadi yake. Kila mwezi ilitiwa nukta moja, na nukta zikaunganishwa kuwa mstari.

Mwezi wa Novemba Nidhal alipungua.

"We Mbarka!" jirani yao Kheira alipaza sauti kwenye foleni. "Huyu wa buluu anamla mwenzake, au huyo mwingine mnamnyima?"

Wanawake wakacheka. Mbarka alitamani ardhi immeze.

Desemba alimwacha Nidhal nyumbani. Ghaith alipopimwa, alimpeleka nyuma ya ukuta, akamvua kofia ya buluu, akamvika nyeupe, akarudi kupanga foleni. Muuguzi aliyekuwa na watoto hamsini wa kupima asubuhi moja alitazama mizani, hakutazama sura. Januari Mbarka akafanya vilevile. Februari pia.

"Wamesemaje kuhusu Nidhal?" Mama aliuliza kila mara, vidole vyake vimepasuka kwa baridi na matawi.

"Wamesema anaendelea vizuri, Mama."

Lakini tumbo la Nidhal lilivimba, mikono ikawa kama vijiti, na kilio chake kikawa kama cha paka aliye mbali. "Jicho la watu hilo," alisema Bibi Zaara. Akamfunga hirizi, akamwongezea mkate.

Machi, kabla ya siku ya kupima, Daktari Wided alibisha hodi akiwa na kadi mbili.

"Watoto wawili, miezi mitatu, uzito mmoja hadi gramu ya mwisho," alisema. "Mstari wa Nidhal ulikuwa unashuka, mara ukaruka hadi kwa nduguye, na tangu hapo wanakwenda sako kwa bako. Watoto hawakui hivyo. Nidhal yuko wapi?"

Mbarka alinyoosha kidole tu. Daktari alifunua blanketi, akaona mikono iliyokonda. Kisha akamnyanyua mtoto, akakimbia naye garini.

Hospitalini Nidhal alilala siku mbili na dripu bila kufumbua macho. Siku ya tatu Daktari Wided alichuchumaa mbele ya Mbarka kwenye veranda.

"Mwanangu, sikuja kukugombeza. Nataka kujua alianza lini kupungua. Kadi yake inanidanganya, na madaktari wanabahatisha."

Mbarka alieleza yote, Mama akiwa amesimama pale pale. Mama hakumpiga. Alijifunika uso kwa shali.

"Nilikuuliza, Mbarka," alisema. "Kila mwezi nilikuuliza."

Mbarka alilia kwa kwikwi. Halafu akakumbuka. "Oktoba fulana ilikuwa inambana Nidhal. Mama akaanza kwenda kwenye zeituni, na Bibi akaanza kuwapa mkate. Desemba fulana ileile ikawa inampwaya."

Daktari alizikata nukta tatu za uongo kwa kalamu nyekundu, akaziacha wazi nafasi zake, kisha akaunganisha Oktoba, Novemba na uzito wa Machi uliopimwa hospitalini. Mstari ulianza kuporomoka mwezi ule ule wa mkate. Akaenda nao moja kwa moja kwa madaktari wa wodini. Damu ilipopimwa, ikathibitika: mwili wa Nidhal haukuweza kuvumilia ngano. Mkate uliokusudiwa kumwokoa ndio uliokuwa ukimmaliza.

Walimpa wali na viazi. Alipona, ila polepole. Ghaith alipokuwa anakimbiza kuku uani, Nidhal alikuwa bado anatambaa.

"Atamfikia mwenzake?" Mbarka alimuuliza Daktari Wided.

"Sijui. Miezi mitatu ni mingi kwa mtoto mdogo." Daktari alimshika bega. "Ungemwacha nyumbani ukaniambia hukumleta, ningeacha nafasi wazi. Nafasi wazi ingeniuliza swali, nami ningekuja kwenu. Uongo wako ulinijibu kwamba yuko salama, nikakaa. Siku nyingine ukiona aibu, njoo na aibu yako hivyo hivyo. Tutaibeba pamoja."

Jumatano ya kupima iliyofuata Mbarka alipanga foleni na watoto wote wawili. Kheira aligeuka kuwatazama. Zamu ilipofika, Mbarka alimvua Nidhal kofia nyeupe kwa mkono wake mwenyewe, kila mtu aone, akamlaza kwenye mizani.