Kaftani Haikukunjwa

Kabla sijaanza, hiyo kanzu uliyoitupa kitandani iokote uikunje. Taja jina la Mungu, mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Haya. Sasa naweza kusema ya Ghizlani.

Ghizlani alikuwa mke wa Nurdini, na nyumba ya wakwe zake ilikuwa Ujda, kule Moroko, kichochoro cha nyuma ya hamamu, bafu la mvuke la mtaa. Chumba alichopewa kiliegemea tanuri la kuchemshia maji ya hamamu. Wakati wa baridi watu walimwonea wivu, maana ukuta ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Kiangazi sasa, usiulize. Dirisha lilikuwa moja tu, linatazama uani, na uani unatazama mbinguni, basi, hakuna njia, hakuna mpita njia. Humo ndimo alimokaa tangu harusi, akingoja karatasi za kumfuata mumewe Ubelgiji. Zikapotea, zikapatikana, zikadaiwa muhuri mwingine. Mwishowe viza ikatoka, lakini ilichelewa njiani hata ilipomfikia mkononi ilikuwa mahututi. Nurdini akakata tiketi ya rahisi ya siku ile ya mwisho. Akiikosa ndege ile, viza imekufa, na Ghizlani anarudi kukaa na ukuta wake, Mungu ndiye ajuaye mpaka lini.

Tiketi ya rahisi ina masharti. Begi moja dogo la mkononi, na pale uwanjani wameweka kizimba cha chuma cha kupimia. Begi lisipotumbukia humo, unalia hapohapo mbele za watu. Nurdini alituma vipimo kwa simu. Ikramu, mdogo wake Nurdini, msichana mwenye mdomo kama cherehani, akazunguka nyumba nzima na futi ya kushonea mpaka akapata kasha la machungwa la mbao lenye vipimo vilevile.

"Wifi, Ubelgiji yako hii hapa," akasema, akalipiga kasha teke. "Kisichoingia humu kinabaki na sisi."

Wakaanza. Wakakunja sketi, wakakunja blauzi, wakafunga kaaki za Ujda, zile biskuti za duara, kwenye kitambaa kwa sababu Nurdini alisema mke akija bila kaaki atamrudisha. Juu ya yote Ghizlani akaleta kaftani ya mahameli ya kijani ya marehemu mama yake. Kaftani ya zamani ile, ya kazi ya mkono, vifungo vya hariri vidogo kama dengu kuanzia kooni mpaka kwenye pindo, kila kimoja na kitanzi chake. Mama hakumwachia kitu kingine duniani.

Zipu ikakataa.

"Kukunja ni mambo ya kina bibi," Ikramu akasema, akatoa simu. "Mtazame huyu anavyofanya. Unaviringisha. Kaza, kaza kama unasokota sigara. Soksi zinaingia ndani ya viatu."

Wakaviringisha kila kitu. Basi kweli, vyote vikaingia, na mkono mzima ukapita kando.

Lalla Zohra, mama mkwe, alikuwa amesimama mlangoni na chujio la unga. "Hizo nguo ndiyo zimelala hivyo?"

"Hazilali, mama, zinasafiri."

"Nguo isiyokunjwa kwa Bismillahi inavaliwa. Mimi sikuzua, nilikuta. Na sisi tuko ukuta mmoja na hamamu. Wale wa kule, wasiotajwa, wanatoka uchi."

Ikramu akacheka mpaka akakaa chini. "Wakivaa saizi ya wifi watapasua mishono."

Ghizlani naye akacheka. Alikuwa na furaha, masikini, alishaanza kuhesabu vitu vya chumba kama mtu anayeviaga.

Kesho yake mchana akafungua begi aweke kitana. Kaftani ilikuwa palepale juu, imeviringwa palepale. Ila vifungo vimefungwa. Vyote, mpaka cha mwisho chini. Naye aliiviringisha wazi, alikumbuka, maana kuvifunga vile ni kazi ya nusu asubuhi. Akaigusa. Ilikuwa ya moto. Kwapani ilikuwa na unyevu, na ilinuka masizi na sabuni nyeusi ya hamamu.

"Ikramu, umejaribu kaftani yangu?"

"Mimi? Kwa kifua hiki? Ningeingia na nani anitoe?"

Ghizlani akaifungua vifungo kimoja kimoja, akaiviringisha tena, akakaza zaidi. Hakusema kwa mtu. Safari ya kesho, nani anataka kuanza maneno.

Baada ya chakula nyumba nzima ikalala, kama kawaida ya joto lile. Ghizlani akajinyoosha, uso kwa begi. Ndipo akasikia. Tik. Kimya. Tik. Sauti ndogo, sauti ya kifungo kinapoingia kwenye kitanzi chake, inatoka kwa mtu asiye na haraka, mtu mwenye mchana wote, tik, na kila kimoja kikiingia ubavu wa begi unatuna kidogo na kurudi, unatuna na kurudi, na Ghizlani anautazama huku akijiambia ni joto la ukuta, ni hewa ya ndani inapanuka, ni macho yake yaliyochoka, na huku anajua kabisa kuwa pumzi zake yeye na kutuna kwa lile begi vimeshaanza kwenda pamoja, na akizuia zake, lile linangoja.

Alasiri walipoliweka begi kwenye kasha la machungwa, halikuingia.

"Si lilikuwa linaingia?" Ikramu akasema. Akalisukuma kwa goti. Kitu ndani kikasukuma nacho. Ikramu akatoa goti lake, hakucheka.

Wakatoa kaaki. Likabaki limejaa. Wakatoa viatu, wakatoa sketi, blauzi, taulo, kila wanachotoa hakipunguzi, mpaka vitu vyote viko sakafuni na ndani ya begi kuna kaftani peke yake, na zipu bado haifungi, na pale kona ya chini kuna duara gumu limejitokeza chini ya kitambaa, dogo, kama kiwiko cha mtu aliyejikunja akalala.

Lalla Zohra hakusema nilikuambieni. Alimwaga chumvi kizingitini, akamwita binti yake pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Nenda kamwite Si Kaddur. Usikimbie njiani, watu watauliza."

Si Kaddur, yaani Bwana Kaddur, alikuwa fakihi wa mtaa, mzee anayefundisha watoto herufi na kukohoa katikati ya kila neno. Alikaa na lile begi mlango ukiwa umerudishwa. Wanawake walisikia anasoma, halafu wakasikia ananyamaza kama mtu anayesikiliza jibu. Alipotoka alikuwa anapulizia kiganja kama aliyeshika sufuria bila kitambaa.

"Si mbaya," akasema. "Alikuwa hana nguo, mkampa."

"Hatukumpa," Ghizlani akanong'ona.

"Mmeiacha bila kukunja, bila jina la Mungu. Kwake yeye hiyo ni kupewa. Nitasoma tena alfajiri atoke nyumba hii. Ila aliyoivaa ni yake. Nguo nyingine kunja, nenda nazo. Hii iache hapa, uitundike ukutani kwake."

"Ni ya mama yangu, Si Kaddur. Sina kingine chake."

"Najua, binti yangu. Na mlango wako umefunguka kesho tu. Toka peke yako."

Ghizlani alikubali. Nataka ujue hivyo, alikubali kwa moyo wake wote. Hata Nurdini alipopiga simu na kusikia begi linasumbua, akasema, "Zisipoingia, vaa. Kila mtu anafanya hivyo. Nguo ya mwilini haiwekwi kwenye chuma," Ghizlani alisema ameshamaliza kufunga.

Lakini alfajiri, teksi inangojwa, aliingia chumbani kuchukua jalaba lake, lile joho la kuvaa juu ya nguo. Kaftani haikuwa ukutani alipoitundika. Ilikuwa kitandani, imetandazwa, vifungo wazi, mikono imenyooshwa huku na huku, kama inavyowekwa nguo ya bi harusi. Wala haikunuka masizi. Ilinuka karafuu na maji ya waridi, harufu ya shingo ya mama yake.

Basi, hapo utamlaumu wewe, mimi siwezi.

Akaingiza mkono, na mkono wa nguo ukampokea vizuri, kama kuna mtu nyuma amemshikia. Juu yake akavaa blauzi, koti, na jalaba juu ya yote. Akatoka. Lalla Zohra akambusu, akamshika mabega, akasema, "Umenenepa ghafla, mkwe wangu," na machozi yakamzuia kuuliza zaidi. Kule chumbani Si Kaddur ameshaanza kusoma.

Uwanjani begi lilitumbukia kwenye chuma likapwaya. Mhudumu akamtazama juu mpaka chini. "Dada, wewe umevaa duka zima." Mstari ukacheka, na Ghizlani akacheka nao, jasho linamtiririka, na akapita.

Kiti chake kilikuwa cha katikati. Kushoto mzee amelala, kulia mama na mtoto, mbele mgongo wa kiti unagusa magoti, mkanda umefungwa. Ndege ilipopaa joto likampanda. Akafungua jalaba. Akafungua koti, akafungua blauzi, akaingiza vidole kooni kutafuta kifungo cha kwanza cha kaftani, akakuta mahameli laini tu, akashuka na vidole kifuani, laini, tumboni, laini, hakuna kifungo hata kimoja, mpaka alipobonyeza ndipo akavisikia, viko, vyote viko, vidogo kama dengu, ila vimegeukia ndani, vimelala kwenye ngozi yake, na huku kidole kikiwa bado pale akasikia kimoja kinatafuta kitanzi chake polepole, kinakipata, tik, na kola ikaja ikamkaa shingoni barabara.

"Unaumwa, dada?" yule mama akauliza.

"Joto tu."

Nurdini alimpokea kwa mikono miwili. Akamkumbatia, akarudi nyuma kidogo. "Mbona unanuka hamamu?" Akacheka, akabeba begi. Chumba chake kilikuwa kidogo, cha juu kabisa, ukuta wa baridi. Akawasha jiko. Ghizlani akavua jalaba, koti, blauzi, akasimama na kaftani katikati ya chumba, akamweleza yote kwa kunong'ona, kama nguo inaweza kusikia.

Nurdini hakubisha. Hata yeye amezaliwa nyuma ya hamamu. Alikwenda kutafuta mkasi.

Simu ikalia, Lalla Zohra. "Umefika, binti yangu? Mungu ashukuriwe. Na nikupe habari njema, Si Kaddur amemweza. Chumba chako hakinuki chochote. Ukuta umepoa kabisa, nimeweka shavu langu mwenyewe. Ametoka. Kaftani tu siioni, hivi uliitundika wapi?"

Ghizlani akakata simu.

Nurdini akapiga magoti, akashika pindo la mahameli, akafungua mkasi.

"Usikate," Ghizlani akasema. "Unaniumiza."

"Sijakugusa. Nimeshika kitambaa."

"Najua," akasema. "Unaniumiza."

Wanaotoka kule wanasema yupo, hajambo, amezaa watoto wawili. Wanamwona sokoni, jua kali au theluji, na ile kaftani ya kijani, imefungwa mpaka kooni, na wanasema haijachakaa hata kidogo, tena kila mwaka inazidi kumkaa.

Sasa inuka ukaangalie. Ile kanzu nilikuambia uikunje, mbona naona umeiviringisha.