Gauni Lisilo na Jina

Fundi seremala wa kitanda cha dirishani alisema anasikia harufu ya mbao mbichi, na muuguzi Chiriku akafurahi kupita kiasi.

Alikuwa na haki. Ugonjwa ule mpya ulianza kwa kumnyang'anya mtu pua na ulimi, chai na maji ya moto vikawa mamoja kwake. Zikafuata homa, kikohozi kikavu kisichotoa kitu, na miguu kuisha nguvu. Halafu ndipo ulipoonyesha unafiki wake: mgonjwa anakaa anapiga soga, anatania, kumbe midomo imeshageuka buluu na kile kimashine cha kidoleni kinalia kwamba hewa haimfiki damuni. Kwa hiyo pua ikirudi, muuguzi hushukuru.

"Kumbe unapona, fundi!"

"Napona, mwanangu. Hata mke wangu alikuwa hapa sasa hivi. Kavua barakoa, kanishika mkono."

Wageni walikuwa wamepigwa marufuku wodini. Chiriku akadhani ni homa. Akamgeuza alale kifudifudi ili mapafu yapate nafasi, akaenda kwa mwingine. Kabla ya chakula cha mchana fundi alikuwa amefunikwa shuka.

Wauguzi wote walivaa magauni ya plastiki mpaka miguuni, na barakoa, na miwani. Mgonjwa hakujua nani ni nani, ndiyo maana kila mmoja aliandika jina lake kifuani kwa kalamu ya wino mzito. Yeye aliandika CHIRIKU, jina alilopewa na mama yake kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena. "Mdomo huponza kichwa," mama yake, fundi cherehani, alikuwa akimwonya, na mwenyewe kabana pini mdomoni.

Mama huyo sasa alikuwa amelazwa chumba cha mwisho, nyuma ya mlango wa kioo. Sheria ya Matroni, mkuu wa wauguzi, ilikuwa moja: hakuna kumhudumia ndugu yako, machozi hutetemesha mkono. Basi Chiriku alisimama nje ya kioo, simu sikioni, akipunga mkono. Alichoomba kwa Mungu kilikuwa kidogo: kama lazima mama aende, asiende peke yake.

Baada ya fundi, mwalimu mmoja alisikia harufu ya chaki. Kisha mkulima akasikia harufu ya mvua kwenye udongo mkavu. Kila mmoja alitembelewa na mtu wake, akafa siku hiyohiyo. Na kila mara, kabla ya kifo, plastiki ilisikika ikichakarika ukumbini pasipo mtu, chakara, chakara, na wodi nzima ikaacha kukohoa kwa wakati mmoja.

"Na wewe umelisikia?" Matroni alimnong'oneza kwenye chumba cha kunawia.

"Nimelisikia."

"Mimi nimeliona. Gauni kama letu, ila kifuani hakuna jina. Nikalifuata, likaingia ukutani."

"Ni nini, Matroni?"

"Bibi yangu angesema jini, linakula upweke wa watu. Juzi tulimleta msoma dua pale mlangoni. Kasoma mpaka sauti ikamkauka, na lenyewe likapita nyuma ya mgongo wake. Shusha sauti, tafadhali."

Alasiri hiyo simu ya Chiriku ikaita.

"Ahsante kwa kuja, mwanangu," alisema mama yake, pumzi fupi fupi. "Nimekuona uso. Mbona umekonda hivyo? Halafu hata pua imerudi, nasikia harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi."

Chiriku akashikilia ukuta. "Umempa mkono?"

"Nilikuwa nautoa, simu yangu ikaanguka nikaiokota. Kuinuka, hupo."

"Mama, nisikilize. Sijaingia humo. Anayevua barakoa si mimi. Asiye na jina kifuani si mimi. Akija mpe kisogo, usimpe mkono hata akilia."

"Nawe nitakujuaje?"

"Nitavaa jina langu."

"Haya. Nimekusikia, Chiriku wangu."

Na mama alisikia kweli. Siku zilizofuata gauni lilipita, likasimama, likabembeleza kwa sauti ya bintiye, naye akalipa kisogo. Homa ikashuka. Chiriku akaanza hata kuimba akifunga mifuko ya taka.

Kisha, mchana mweupe, kimashine cha mama kikaanza kulia na hakikunyamaza, na Matroni alipomwona Chiriku akija mbio aliiacha sheria yake, akasogea kumpisha, naye akausukuma ule mlango wa kioo, akaona midomo ya mama yake ilivyokuwa buluu, akafikiri jinsi walivyokaa muda wote huu bila kuonana uso, akaing'oa miwani, akaing'oa barakoa, akalichana gauni lililomfunga mikono na kulitupa chini na jina lake, ili mama amwone, amwone tu mara moja kabla macho hayajafumbwa.

"Mama! Mama, ni mimi!"

Mama yake akamtazama. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemkatalia mchuuzi mlangoni.

"Mwanangu alishaniambia," alisema, akampa kisogo.

Wodi nzima ikaacha kukohoa. Kati ya kitanda na ukuta alikuwa amesimama mtu, gauni safi, miwani, barakoa imefungwa vizuri. Kifuani, kwa mwandiko uleule, iliandikwa CHIRIKU.

"Afadhali umefika," mama akamwambia. "Huyu alitaka kunidanganya."

Akautoa mkono wake wenye kimashine, ukapokelewa, vidole vikafumbwa juu yake kwa upole. Chiriku alipiga magoti sakafuni, akaita, akaita tena, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna neno lililomsaidia. Mama yake alikufa akitabasamu, akiwa hana shaka kwamba hakuachwa peke yake na kwamba aliyemshika mkono ni mwanawe.