Raudha Hashuki

Njiapanda ya Wazo asubuhi haina adabu. Malori ya saruji yanapiga honi, bodaboda zinapenya pembeni, vumbi jeupe linatua juu ya kila kitu, hata juu ya chapati. Siku ile, katikati ya fujo hiyo, alisimama farasi.

Alikuwa mrefu, wa rangi ya kahawia iliyoiva, na doa jeupe kwenye paji la uso. Jina lake Radi. Alikuwa amestaafu mbio za Nairobi, akanunuliwa na Mama Felicitas, mwenye mabanda ya farasi nyuma ya kilima. Juu ya tandiko alikaa Raudha, binti wa Kinondoni, suruali nyeusi, blauzi ndefu ya zambarau, hijabu imebanwa chini ya kofia ngumu. Alikuwa anamvusha Radi kwenda uwanja wa mazoezi, lakini Radi alitaka kwanza kuitazama pikipiki iliyobeba kuku.

"Mvushe basi!" watu walipiga kelele.

Kutoka dirisha la lori moja la makontena ukatoka msonyo. Mrefu, wa kuvuta, kama mtu anayechana kanga.

Radi akafyatuka. Raudha akatua kwenye lundo la mchanga wa ujenzi, na farasi hakusimama mpaka alipofika banda la mihogo, watu wakimkimbia.

Dereva aliruka chini: kijana mwembamba, shati la jinzi lililopauka, kandambili miguuni.

"Dada, pole! Umeumia?"

"Nani kasonya?"

"Mie. Lakini sijakusonya wewe, nimeisonya foleni."

"Foleni haina masikio. Yule pale anayo."

"Na wewe mtoto wa kike, farasi wa nini?"

Raudha alijikung'uta mchanga. "Yeye hajawahi kuniuliza hivyo. Ndiyo maana nampenda."

Kijana alicheka mpaka akashika kiuno. Raudha alitaka kukasirika zaidi, akashindwa.

Mchana ule ule kijana alifika mabandani na mfuko wa karoti. Alijitambulisha: Badru, wa Chang'ombe, anayebeba makontena kutoka Kurasini.

"Hizi za mgonjwa," alisema.

"Mgonjwa ni mie. Kiuno kinaniuma."

"Basi kula wewe."

Raudha akala moja, nyingine akampa Radi. "Sikiliza, braza. Huyu alifundishwa mbio. Huko wanamhimiza kwa mdomo, sauti kama ya kusonya, maana yake kimbia. Sasa namfundisha dresaji."

"Dre nini?"

"Dresaji. Farasi anakwenda kwa utulivu, anageuka, anasimama, na watazamaji wasione umemwambiaje. Lakini Dar hii nani hasonyi? Muuza duka anasonya, konda anasonya, shangazi ndiyo usiseme. Na Mama Felicitas kasema, siku ya maonyesho ya dresaji akitimka tena, anauzwa. Mie narudi kuzoa samadi."

"Kwa hiyo unataka niwe bubu?"

"Nataka uje umsonye. Siku zako za mapumziko, ukae hapo juu ya ndoo, umsonye mpaka azoee."

Badru alimtazama. "Sista, nimeombwa mengi na wanawake. Hili, bado."

Akaja. Mwanzoni Radi alitimka kila mara, na Raudha akivuta hatamu ndiyo anaongeza mwendo, maana kwa farasi wa mbio hatamu ikikazwa ni amri ya kwenda. Ikabidi ajifunze kulegeza mikono, akae kwa uzito, atoe pumzi polepole, mpaka naye Radi apumue. Badru alisonya hadi mashavu yakauma. Alisonya kwa hasira, kwa dharau, kwa uchovu, akaiga msonyo wa konda na wa mwenye nyumba. Siku moja Radi alipiga miayo tu.

"Mamaa, kanidharau!" Badru alipiga kelele.

"Karibu kwenye ukoo," Raudha alijibu, akacheka, na alipotelemka alijikuta mikononi mwa Badru, hakuharakisha kutoka.

Tangu hapo simu hazikuisha.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Radi anakusalimia."

"Mwambie namsonya."

"Kasema umepungua makali."

Simu iliyoharibu mambo ilitoka namba ngeni, wiki ya maonyesho. Sauti ilikuwa nzito, ya mama aliyezoea kusikilizwa.

"Raudha? Mie Mwanabaraka, mama yake Badru."

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Badru kaniambia baada ya hayo maonyesho unaachana na mambo ya farasi. Umenifurahisha. Mke wa mtu kukaa juu ya mnyama, watu wanatazama, haipendezi."

Raudha aliaga kwa heshima. Kisha akampigia Badru.

"Ulimwambia mama yako naacha?"

Honi za Kurasini zikasikika nyuma yake.

"Nilimwambia ili anyamaze, mpenzi. Ningemweleza taratibu."

"Ulikaa juu ya ndoo ukaona ninavyoanguka na kupanda. Ukaona yote, halafu ukaniahidi kwa mtu kama kontena."

"Raudha..."

"Mtafute huyo anayeacha, umuoe. Mie siachi."

Akakata. Akalia kwenye shingo ya Radi, kisha akafunga tandiko.

Siku ya maonyesho uwanja ulizungushiwa kamba nyeupe. Radi alisukwa mabutu shingo nzima. Raudha alivaa koti la bluu na suruali nyeupe, hijabu nyeupe imebana uso wake mdogo. Alipoingia, akamwona Badru safu ya mbele, kanzu imepigwa pasi, na pembeni yake mama mnene mwenye dera la kijani, udi ukinukia mpaka kwenye kamba.

"Ndiye huyo?" Bi Mwanabaraka aliuliza. "Kakaa hivyo, mguu huku mguu huku?"

"Ndiye, mama."

Radi alikuwa anapita mbele yao, mchakamchaka laini, shingo imepinda vizuri. Uwanja mzima kimya. Bi Mwanabaraka akavuta pumzi, akasonya. Ulikuwa msonyo wa Chang'ombe, wa miaka yote, uliowahi kufukuza wapangaji. Mama Felicitas akafunika macho.

Raudha alihisi mgongo wa Radi ukikaza chini yake. Mikono yake ilitaka kuvuta. Akailegeza. Akatoa pumzi.

Sikio moja la Radi likageuka, likarudi. Akaendelea, hatua kwa hatua, akageuka, akafika katikati, akasimama tuli. Watu wakashangilia. Mama Felicitas alikuwa analia na kupiga makofi pamoja.

Badru aliruka kamba. Alisimama kando ya farasi, uso juu.

"Raudha, nimekosa."

"Niambie kwa sauti. Mama asikie."

Akageuka. "Mama, nilikudanganya. Haachi. Na mie sitaki aache. Ukikataa, nitakuja kukuomba tena kesho, na keshokutwa, lakini haachi."

Bi Mwanabaraka alikuwa amekwisha kufika kwenye kamba. Alimtazama farasi, siyo mwanawe.

"Nimesonya kwa nguvu zangu zote," alisema polepole. "Hata hakushtuka."

"Shikamoo mama," Raudha alisema kutoka juu. "Amezoea. Kafundishwa na mwanao."

Mdomo wa yule mama ukacheza, kicheko kikamponyoka. "Mtoto huyu! Nami nikidhani anakwenda kazini!"

"Raudha," Badru alisema, "nikubalie nikuoe, ukiwa huko huko juu."

Raudha alimwacha asubiri kidogo. Jasho lilimtiririka Badru kwenye kanzu nzuri.

"Nimekubali."

Bi Mwanabaraka akamsonya mwanawe. "Umesimama kama mlingoti! Mshike mkono mchumba wako, ashuke nimbusu!"

"Sishuki, mama," Raudha alisema, kwa upole. "Radi bado hajapewa zawadi yake: mzunguko mmoja bila kuvutwa."

Akalegeza hatamu. Radi akaanza kuuzunguka uwanja, na Badru akatembea pembeni, mkono wake kwenye kiatu cha Raudha.