Taa Nyekundu ya Sabufa

Uniti za umeme wa LUKU zilikwisha tena, wakati nyumba ya Modesta kule Nyakato haikuwa na cha kuzimaliza. Ilikuwa na friji ndogo tu, na ndani yake insulini ya binti yake, Jovina. Dawa hiyo ikipata joto inaharibika. Modesta aliingiza uniti nyingine, akasimama mbele ya mita, akaona kitaa chake kinapepesa mbiombio.

Tangu mumewe Deodatus azikwe, kiti chake, kofia yake na sabufa yake ya muziki vilikaa palepale alipoviacha. Shemeji yake Muganyizi aliagiza hivyo: vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo uje kumaliza matanga. Na ukoo kila mara uliahirisha. Sabufa haikupigwa, lakini taa yake nyekundu haikuzimika.

Modesta alimpigia shemeji, akamwamkia, akaomba achomoe waya tu. Muganyizi akacheka. Alisema taa ndogo vile haili kitu, na kama amechoka kumkumbuka mdogo wake, aseme wazi.

Ndipo Modesta akamwita katekista, mwalimu Gosbert, akaja na maji ya baraka. Alipoinyunyizia sabufa, spika yake ilivuma, ikatoa harufu ya vumbi linaloungua, kisha ikavuta pumzi.

"Huyu si mume wako, mama," Gosbert akanong'ona, akirudi nyuma. "Huyu amekuta mlango haukufungwa."

Jioni hiyo friji ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma, na mita ikapepesa bila kupumzika, na mvumo ukashuka kutoka kwenye spika ukapita sakafuni, ukapanda miguu ya kiti cha marehemu mpaka kikatoa mlio kama kinavyolia mtu mzito anapokaa, na Jovina, aliyekuwa ameikumbatia chupa ya dawa, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, inapata joto," ndipo Modesta akaacha kuungoja ukoo, akafanya ishara ya msalaba, akauchomoa waya wa sabufa.

Friji ikatulia. Mita ikapepesa polepole.

Taa ya sabufa ilibaki nyekundu.

Kichwa cha waya kilikuwa cha moto kiganjani. Alipouweka waya chini, mita ilikimbia tena. Alipouokota, ikatulia, na nguvu zake zikaanza kuvutwa kupitia waya. Akaelewa. Akakaa kwenye kiti cha mumewe, waya mkononi.

"Rudisha dawa kwenye friji, mwanangu," akasema taratibu. "Halafu mpigie baba yako mkubwa. Mwambie taa ndogo inakula."